Jembe na Utulivu wa Moyo

Katika mambo ambayo watu wa pwani huyapita pasi na kuyatazama mara ya pili ni hili jambo la kulima. Mtoto akikosa adabu skuli hupewa jembe akalime, na mzee akitaka kumtia hofu mwanawe mvivu wa kusoma humwambia ya kuwa mwisho wake ni jembe. Limefanywa jembe kuwa ni fimbo. Na kitu kikishafanywa fimbo, nani atakayekikimbilia? Kisha watu hao hao wakipata habari ya kuwa matabibu wa Uingereza siku hizi huweza kumwelekeza mtu mwenye huzuni au wasiwasi akashughulike na bustani, iwe ni sehemu ya tiba yake, huona kuwa ni mchezo wa watu walioshiba.

Lakini neno hili lina haki ya kuulizwa kwa utaratibu. Je, kazi ya shamba hutuliza moyo na akili ya mwenye kuifanya? Na ikiwa hutuliza, utulivu huo watoka wapi: katika udongo wenyewe, au katika hali ya mtu aliyeushika? Swali la pili ndilo zito, nalo ndilo lisiloulizwa sana, kwani jawabu lake lagusa haki za watu.

Mahali pa kulitazama vizuri ni mbali na pwani, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, penye ile pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Uganda, nao mto Kagera ukiwa mpaka. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja mpaka mwaka 2012, ilipokatwa Kyerwa ikasimama peke yake. Wala nchi hii si ngeni kwa watu wa pwani. Zamani za Mukama Rumanyika misafara ya Waarabu na Waswahili ilipanda kutoka Tabora mpaka Karagwe kutafuta pembe, wakawa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange uliokuwa mji wa mfalme. Speke alifika kwa Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Kafuro Hamed bin Ibrahim, mfanyabiashara wa Kiarabu. Hao wote walikwenda kwa mambo yao, na nchi iliyowapokea ilikuwa ni nchi ya ng'ombe na migomba.

Wanyambo, ambao ndio wenyeji wa Karagwe, kama walivyo jirani zao Wahaya, huliita kibanja lile shamba linaloizunguka nyumba. Mtu wa pwani akilisikia neno hilo hufikiri mahali patupu pa kujengea. Kwao ni kinyume chake, kwani kibanja ni mahali palipojaa. Mna migomba, na chini ya migomba maharage, na kati yake mibuni, na pembeni magimbi na maboga na miti ya matunda. Nje ya vibanja hutandaa rweya, ndiyo nyika ya majani yenye udongo dhaifu. Na hapa pana siri ambayo mpita njia haioni: udongo wa kibanja haukuwa mweusi tangu asili. Kwa vizazi vingi watu wamekata majani ya rweya wakayabeba vichwani, wakayatandika chini ya migomba ili yahifadhi unyevu na kuoza. Wakachukua samadi ya ng'ombe waliolisha katika rweya hiyo hiyo, na majivu ya jikoni, na maganda ya ndizi, wakavirudisha ardhini. Rutuba imehamishwa kwa mikono kutoka nje ikaletwa mlangoni. Ilipopita sotoka katika miaka ya 1890 ikaua ng'ombe wa nchi zile, hayakukosekana maziwa tu, bali na samadi ilikatika. Tena aghalabu wafu wa ukoo huzikwa humo humo kibanjani, hata mtu akipalilia leo huwa apalilia ubavuni mwa babu yake.

Kazi yenyewe si ya kutumia nguvu zote kwa siku moja kisha ikaisha. Ni kidogo kidogo, asubuhi baada ya asubuhi. Mgomba hukatwa majani makavu; mashina hupunguzwa, mpaka katika kila tuta abaki mama na mtoto na mjukuu, asije mmoja akamnyima mwenziwe chakula; ulioinama kwa uzito wa mkungu huegemezwa mti; majani ya kutandika yaliyopungua huongezwa. Mwenye kibanja aijua migomba yake mmoja mmoja, upi ni wa ndizi za kupika, upi wa kuchoma, upi wa kuiva. (Na uko wa kutengenezea pombe ya rubisi, ambao kwa wasomaji wa karatasi hizi watosha kutajwa.) Buni nazo, mbali na zile zinazouzwa, huchemshwa pamoja na majani ya mimea yenye harufu, zikaanikwa, akapewa mgeni azitafune kwa heshima, kama mgeni wa pwani anavyopewa kikombe cha kahawa.

Basi mtu huyu anayezunguka kibanjani na kisu chake, akili yake imo katika hali gani? Hakuzubaa, kwani akizubaa atakata chipukizi asilolitaka. Wala hakukazana kama karani anayetafuta kosa katika hesabu. Macho yake yamekamatwa na kitu, lakini kwa upole. Wanachuoni wawili wa Marekani, Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, waliieleza hali hii katika kitabu chao cha mwaka 1989. Walisema ya kuwa nguvu ya kukaza fikira huchoka kama unavyochoka mkono, na ya kuwa mimea, na maji, na upepo katika majani, huyavuta mawazo bila ya kuyalazimisha, ile nguvu iliyochoka ikapata kupumzika. Hapo kale Waislamu walilifahamu jambo hili kwa vitendo: bimaristani ya Arghun katika mji wa Halab, iliyojengwa mwaka 1354, ilikuwa na nyua zenye mabirika ya maji kwa ajili ya wagonjwa wa akili.

Wajuzi wa zama hizi hawakuridhika na dhana, wakapima. Katika Uholanzi mwaka 2011 ilitangazwa habari ya watu 30 wenye vibustani vyao, waliopewa kwanza mtihani wa kuudhi akili, kisha baadhi yao wakaenda kulima muda wa nusu saa, na wengine wakakaa ndani kusoma. Mate yao yakapimwa kiasi cha kotisoli, nayo ni maji yatokayo katika tezi zilizo juu ya figo, ambayo huzidi mtu anapokuwa katika dhiki. Kotisoli ilipungua kwa wote, lakini kwa waliolima ilipungua zaidi. Na furaha ya waliolima ilirudi kama ilivyokuwa, ilhali ya waliosoma haikurudi. (Wapenda vitabu wasikasirike.) Katika Korea ya Kusini mwaka 2019 wazee 41 walifanya kazi nyepesi ya bustani muda wa dakika 20, na damu yao ikaonekana kuwa na zaidi ya baadhi ya protini zinazolea neva za ubongo, ambazo huhusishwa na kumbukumbu. Na katika Marekani mwaka 2015 watu 38 walipimwa ubongo kabla na baada ya kutembea dakika 90. Waliotembea penye miti na majani ilipungua shughuli katika sehemu moja ya mbele ya ubongo ambayo hufanya kazi mtu anapoyarudiarudia mawazo mabaya juu ya nafsi yake, na waliotembea kando ya barabara ya magari haikupungua. Huko kulikuwa ni kutembea, si kulima. Lakini mwenye kukaa usiku akijilaumu aijua vema sehemu hiyo ya ubongo, ijapokuwa hajui jina lake.

Hesabu hizi ni za watu wachache, nazo zapasa kupokewa kwa kiasi. Iliyo kubwa zaidi ni ile iliyotangazwa mwaka 2023 kutoka mji wa Denver, katika Marekani, ambako watu wazima 291 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa vipande vya bustani za mtaa na nusu wakangojeshwa. Waliopewa walikula zaidi vyakula vya mimea, wakatembeza miili yao zaidi, na dhiki na wasiwasi vikapungua, khasa kwa wale walioanza wakiwa na dhiki nyingi.

Iko habari nyingine yenye asili ya karibu na Kagera. Katika matope ya ziwa Kyoga, Uganda, wataalamu walipata katika miaka ya 1970 kijidudu kisichodhuru, jina lake Mycobacterium vaccae. Mwaka 2007 wataalamu waliwatia panya kijidudu hicho kilichokwisha uawa, wakaona ya kuwa neva fulani za ubongo zinazotoa serotonini, ambayo ina sehemu katika kuendesha hali ya moyo, ziliamka, na panya wakawa kama walioondokewa na hofu. Watu wakaipokea habari hiyo wakaenea nayo wakisema ya kuwa mwenye kushika udongo hupata furaha kwa kuuvuta puani. Hilo halijathibitishwa kwa wanadamu, wala panya wale hawakupewa jembe. Imetajwa hapa kwa sababu ndiyo ncha ya hoja ya wale wasemao kuwa utulivu u katika udongo wenyewe.

Hoja hiyo haisimami, na wa kwanza kujua kuwa haisimami angepaswa kuwa mtu wa pwani. Ikiwa udongo pekee watuliza, basi waliotulia kuliko watu wote wangekuwa watumwa wa mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, waliokaa na udongo tangu alfajiri mpaka jioni mpaka utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897. Miti ilikuwapo, na harufu ya karafuu ilikuwapo, na kijani kilikuwapo machoni. Kilichokosekana ni kwamba mkono haukuwa wao, wala mwisho wa kazi haukuwa wao. Mtoto wa skuli aliyepewa jembe kwa adhabu naye yu katika hali hiyo hiyo kwa saa moja: udongo ni ule ule, na moyo wake wachemka. Angalia pia kwamba wale watu 30 wa Uholanzi walikuwa na vibustani vyao wenyewe, na wale wa Denver waliomba kupewa. Hakuna aliyekamatwa mkono.

Kwa hiyo yapata kusemwa ya kuwa jembe humtuliza mtu kwa mambo matatu yakikutana: mkono uwe na hiari, jicho lione mwisho wa kazi, na moyo uwe na amani ya kuwa kilichopandwa hakitanyakuliwa. Udongo na majani husaidia, kama mkeka mzuri unavyomsaidia mwenye kulala. Lakini mkeka hauleti usingizi kwa mwenye kuwindwa.

Kipimo hiki kikirudishwa Karagwe na Kyerwa, kibanja chaonekana kwa sura ya pili. Kwa desturi ya zamani mwanamume ndiye mwenye migomba na mibuni, na bei ya buni huingia mkononi mwake. Mwanamke ndiye apandaye na kupalilia maharage chini ya migomba, na kukata majani na kuyabeba, na kwenda rweyani kulima kijishamba cha njugu mawe na viazi, katika ule udongo dhaifu. Mgongo uliochukua rutuba ya kibanja kwa kiasi kikubwa ni mgongo wa mwanamke. Lakini kibanja ni cha ukoo, na ukoo huhesabiwa kwa waume. Mkoa wa Kagera ndiko walikoonekana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983, na maradhi hayo yalipoua waume wengi, wajane wengi walijikuta wamesimama katika shamba walilolilisha kwa vichwa vyao miaka ishirini, wakiambiwa na mashemeji ya kuwa wao ni wageni humo. Mjane aliye katika hofu hiyo hushika jembe lile lile, chini ya migomba ile ile, wala hapati ule utulivu uliopimwa Uholanzi. Hupata uchovu, na usiku hupata hesabu.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza ilihukumu katika shauri lililotoka Kagera, na Jaji Mwalusanya akasema ya kuwa ile mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, ilhali haikumzuia mwanamume vivyo hivyo, yapingana na haki zilizoandikwa katika Katiba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya kupata na kushika na kutumia ardhi kama mwanamume. Msomaji wa pwani asifanye haraka kuwacheka watu wa bara. Fungu la binti na fungu la mke katika urithi ni jambo lililokwisha kukatwa katika Kurani kabla ya mahakama zote hizi. Hata hivyo minazi iliyobaki mkononi mwa kaka miaka na miaka, na dada akiletewa madafu siku ya Idi kama sadaka, si jambo la kutafutwa kwa taa. Mtu kama huyo akienda shambani Ijumaa jioni, akaketi chini ya mnazi, akaona moyo wake umetua, utulivu alioupata si wake wote.

Imepokewa katika hadithi zilizo mashuhuri ya kuwa Mwislamu akipanda mti, kila akilacho ndege au mnyama au mwanadamu katika mti huo huandikwa kuwa ni sadaka yake. Ajabu ya mafundisho hayo ni kwamba faida imehesabiwa kwa mwenye kupanda, wala haikuhesabiwa kwa mwenye kukaa kivulini.

Yapo mapenzi mengine ya shamba yanayomharibu mwenye nayo, nayo yamedhihirika Kagera katika miaka hii ya karibuni. Yako maradhi ya migomba yaitwayo mnyauko, yaletwayo na bakteria. Yalijulikana kwanza Ethiopia, yakafika Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 yakawa yamekwisha ingia Kagera. Majani huwa manjano yakanyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huoza, na shina likikatwa hutoka majimaji mazito ya manjano kama usaha. Hayana dawa ya kuyaponya. Wadudu wanaotua katika ua lililo mwisho wa mkungu huyachukua, na kisu cha mwenye kibanja, kile kile alichozungukia asubuhi kwa moyo uliotulia, huyachukua upesi zaidi kutoka mgomba hadi mgomba. Yapasa ua livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, pasi na kutumia chuma. Na kisu kipitishwe motoni au katika dawa ya klorini kabla ya kugusa mgomba wa pili. Na shina lililougua likatwe, na yakienea, ling'olewe tuta zima.

Hapa ndipo mtu hujaribiwa. Mgomba alioupanda babu, karibu na kaburi la babu, aambiwa aukate yeye mwenyewe. Wapo waliokata. Na wapo waliouficha ugonjwa, wakakata majani ya manjano usiku ili jirani na bwana shamba wasione, wakitumaini kuwa utapona, na kwa kuficha kwao ukavuka mpaka ukaingia kwa jirani. Mwenye kuficha si mwovu aliyetaka kudhuru. Alikipenda kitu akashindwa kukitazama kikifa. Lakini jirani yake naye alikuwa na moyo, na watoto, na chakula cha mwaka mzima kilichosimama katika migomba hiyo. Mwenye kusema ya kuwa bustani ni dawa ya moyo apaswa kuongeza ya kuwa yaweza kuwa pia maumivu ya moyo, na makubwa, kwani kadiri mtu alivyotulizwa na kitu ndivyo atakavyoumizwa kwa kukikosa. Matabibu wanaoagiza bustani huko Ulaya hawana haja ya kulifikiri hili sana. Mgonjwa wao nyanya zikifa hununua nyanya sokoni. Kyerwa migomba ikifa, ni chungu kinachokosa kitu.

Palipong'olewa tuta hapapandwi migomba upesi. Huachwa kwa muda, bakteria wafe katika ardhi, na kwa muda huo hupandwa maharage, au mahindi, au viazi vitamu, mimea isiyopatwa na maradhi hayo; kisha hutafutwa machipukizi safi yatokayo mahali palipokaguliwa. Basi kwa misimu ile nyumba hulishwa na zile mbegu zilizokuwa zikiitwa za wanawake. Mwanamke hushika jembe pale alipokuwa akishika mumewe kisu, na mume, akiwa na akili, hushika la pili wakalima pamoja. Na wakati wa kupanda migomba tena ukifika, wako wanaokwenda kwa halmashauri ya kijiji kuandikisha kibanja na kupata hati ya kimila. Katika hati hiyo yaweza kuandikwa jina moja, na yaweza kuandikwa mawili.